Dumu la Mama Mkwe

Jumapili, 6 Julai

Kesho Saba Saba. Majengo nzima itakuwa barabarani, na wote watataka chipsi na mgebuka wa kukaanga. Viazi ninavyo, gunia zima. Samaki wamefika kutoka Kipili, wanono. Mafuta ndiyo tatizo. Ninaye Mzee tu. Mzee ni mafuta yaliyomo kwenye karai langu tangu katikati ya Juni. Siyamwagi. Nachuja, naongeza kidogo, nachuja tena. Sasa yamekuwa meusi na yanatoa povu. Jana mteja kauliza kama nakaangia oili ya gari. Mjinga yule!

Ng'ambo ya barabara Kasimiri, muuza chipsi mwenzangu, ametundika kibao: MAFUTA MAPYA KILA SIKU. Kwa rangi nyekundu! Mimi ndiye ninayesemwa pale.

Jioni kafika mama mkwe kutoka Laela. Ijumaa ana kliniki ya presha. Kaja na dumu la lita kumi la mafuta ya alizeti, ya shamba lake mwenyewe, kasimamia ukamuaji mpaka tone la mwisho. Mke wangu Gaudiosa kaliweka jikoni. Nimepita hapo kunywa maji mara nne. Sikuwa na kiu.

Jumatatu, 7 Julai

Alfajiri nimefanya kazi. Alizeti yote nimeihamishia kwenye dumu langu. La Mama nikalijaza Mzee, nikiwa nimemchuja kwa fulana yangu kuukuu. Si wizi! Nimeazima. Kesho nanunua mengine, narudisha, nani atajua? Nikaenda kibandani Majengo napiga mluzi.

Saba Saba safi kabisa. Saa kumi alasiri alizeti imekwisha yote. Kasimiri kanuna hadi kibao chake kikaonekana kimenuna.

Wakati wa kula Mama kasimulia habari za dada yake, marehemu Christopha. Alikaa jikoni kwake anachambua mboga, akaanguka. Kiharusi. Hakusema tena. Tangu siku hiyo Mama anamwogopa daktari kuliko padri. Kaambiwa apunguze chumvi, aachane na mafuta yanayoganda, na asiguse kabisa yaliyochemshwa yakarudiwa. Na presha ikipanda tena kama mwaka jana, atalazwa, na daktari hamwahidi kitu. Ndiyo maana halishwi na mtu. Akienda harusini, anabeba mafuta yake. Akienda msibani, anayo. Kisha kaelekeza kidole kwenye dumu, kasema uhai wake umo mle.

Bahati nzuri leo tumekula maharage ya kuchemsha. Kesho anaanza kukaanga.

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi na mapema nimefika mashineni wanakokamua, nimepata lita kumi za alizeti. Nimerudi nyumbani Chanji mbio, dumu nimelifunika gunia. Naingia jikoni, dumu la Mama halipo! Namuuliza Gaudiosa kwa sauti ya mtu asiyejali. Kasema Mama kalihamishia chumbani kwake, chini ya kitanda, kwa sababu ya panya.

Chumbani kwa mama mkwe! Mimi, mkwe mtu! Hata pazia la mlango wake siligusi. Nikionekana mle, habari itafika Laela kabla yangu, na wajomba wa Gaudiosa watanifuata na virungu. Dumu jipya nimelificha nyuma ya banda la kuku.

Mchana Mama kakaanga mgebuka. Nimesimama mlangoni, nikamshauri kwa adabu zote kwamba samaki wa kuchemsha ni mtamu zaidi. Kasema mkwe wake ni mtu asiyejikweza. Kisha kakaanga. Mimi kanipikia kwenye chungu cha peke yangu, sahani yangu peke yake, imefunikwa kitambaa. Heshima niliyopewa! Nimekula chote, mimi Mzee nimeshamzoea. Lakini kila Mama alipogusa kipaji cha uso, roho ilinitoka.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata akili! Saa nne nikapiga ukunga: nyoka, nyoka ndani! Wote wakatoka nje mbio. Nikabeba dumu jipya mpaka kwenye pazia la Mama. Mkono ukafika kwenye kitambaa. Miguu ikagoma. Jamani, miguu yangu mwenyewe! Nikabaki pale nasali, mara Mama karudi ana mchi mkononi. Kaja kumuua nyoka mwenyewe.

Kanikuta nimelikumbatia dumu. Nikasema nilitaka kumpiga nalo nyoka. Kaingia, kapekua chini ya kitanda, katoka. Kasema nyoka hayumo, ila chumba kinanuka samaki na yeye samaki hajawahi kulala nao. Kaniangalia sana. Nimetokwa na kijasho chembamba na baridi yote hii ya Julai.

Mchana sahani yangu imekuja tena, imefunikwa. Imejaa kuliko ya jana.

Alhamisi, 10 Julai

Mama kaamka anasema kichwa kinamgonga. Nimekwisha!

Huyu mama si adui yangu. Ndugu zake walipokataa nisimuoe Gaudiosa, kwamba mimi ni mtu wa mipango tupu, yeye ndiye aliyesimama akasema mwacheni, ana moyo. Sasa namuua kwa karai. Nimekaa kibandani na mafuta ya kukopa, nimewaunguzia wateja viazi mara mbili. Nilikuwa namwona Christopha na mboga zake.

Nimerudi nyumbani nimekata shauri kumwambia Gaudiosa ukweli wote. Nikamkuta jikoni anacheka na mama yake, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Wanachekaje na mmoja anakufa? Nikafungua mdomo. Gaudiosa kauliza kama niongezwe mgebuka. Nikasema ndiyo.

Kesho kliniki. Mungu wangu, nisaidie, nitammwaga Mzee, nakuapia.

Ijumaa, 11 Julai

Tumekwenda watatu. Nesi Coleta kamfunga Mama kile kitambaa mkononi. Kikajaa upepo. Nikashika ukuta. Kapima, kaandika, kapima tena. Mara ya pili ya nini? Nikaona kabisa jeneza, nikaona na wajomba.

Nesi kasema presha imeshuka vizuri, hongera mama. Nikakaa chini, sakafuni.

Nesi kauliza huyu baba ana nini, mbona analowa jasho. Mama kasema mpime na mkwe wangu. Nikafungwa mimi. Mia moja sabini na tano kwa mia moja na kumi!

Hapo Mama kasema yote, taratibu, mbele ya foleni nzima. Kwamba alifungua dumu Jumatatu jioni, harufu ikamjulisha, maana alizeti yake haijawahi kukutana na samaki. Kwamba alimtuma Gaudiosa alete chupa nyingine mashineni, na wao wawili wamepikia hiyo tu wiki nzima. Mzee alikuwa wa kunikaangia mimi peke yangu. Kasema kama yanawafaa watu wa Majengo, yanamfaa na mkwe. Na kichwa cha jana kilimgonga kwa kucheka.

Nesi hakucheka. Kasema presha hii si ya wiki moja, ni ya miaka, ya chumvi, ya kitambi na ya kuonja karai kila siku. Mafuta yakirudiwa rudiwa motoni yanabadilika, yakishakuwa meusi na povu ni ya kumwaga. Kamgeukia na Mama: alizeti yako nayo si dawa, ni mafuta, tumia kijiko. Mama akanuna kidogo. Mimi nimepewa vidonge, kila siku kimoja. Nimeapa mbele yao kwamba Mzee amekufa.

Njiani Mama kanishika mkono. Kasema alitaka niogope, sasa yeye ndiye anayeogopa. Machozi yalimlenga. Na mimi yalinilenga, nasema kweli.

Jumapili, 13 Julai

Mama kaondoka asubuhi, na lile dumu jipya kalibeba, fidia ya lake. Kaniachia chupa ya alizeti, ya chakula changu tu, kaniapisha. Nikaapa.

Nimemtoa Mzee chini ya kitanda nikammwage. Nikasimama naye kwenye shimo. Nikawaza. Nesi mwenyewe kasema presha yangu si ya wiki moja. Na wiki hiyo nilimla Mzee mtupu! Kwa hiyo Mzee hana hatia. Kosa langu lilikuwa harufu. Ningemchuja na tangawizi, Mama asingejua mpaka leo.

Mchana nimefungua kibanda. Kibao kipya, rangi ya buluu: MAFUTA YA MAMA MKWE, ALIZETI YA LAELA. Chupa yake nimeiweka mbele kabisa, watu waione. Kijiko kimoja nimemtilia Mzee, apate nguvu. Foleni yangu imeipita ya Kasimiri!

Saa nane ilikuwa saa ya kidonge. Nesi kasema nisimeze tumbo likiwa tupu. Nimekimeza na chipsi za kwanza kutoka karaini.