Ramani ya Hazina Niliyoipiga Pasi

Jumatatu, 6 Mei
Mpwa wangu ana miaka saba na anataka kuwa nahodha wa maharamia. Darasa lao linaandaa mchezo wa kuigiza. Mwalimu amempa kila mtoto karatasi ya ramani ya hazina, mistari mitupu: kisiwa, minazi, bahari, alama ya msalaba. Atakayeipaka rangi vizuri kuliko wote ifikapo Ijumaa, ndiye nahodha. Wengine watakuwa mawimbi.

Mpwa wangu, wimbi? Nikiwa hai? Haiwezekani!

Tangu juzi anatembea amefumba jicho moja, anajigonga kwenye kabati. Nimeichukua karatasi mikononi mwake kwa upole wa kijomba. Akasema alitaka kupaka mwenyewe. Nikamwambia atapaka, mimi nitamwelekeza tu. Dada yangu, mwenye nyumba na mwenye kochi ninalolalia, akasema mtu wa umri wangu angetafuta kazi. Sisi wasanii hatueleweki.

Jumanne, 7 Mei
Nimegundua njama! Binti wa kinyozi, jirani yetu, yuko darasa moja na mpwa wangu. Nikaenda kunyolewa, nia yangu kupeleleza. Ramani ninaiona hiyo, chini ya kioo, kati ya brashi na poda! Na penseli za rangi, zile za kwenye kopo la bati, zimechongwa zote sawasawa. Nikauliza, kama mtu asiye na haja, ni ya nani. Akasema ya binti yake, yeye anamsaidia pembeni pembeni tu.

Pembeni! Bahari nzima ilikuwa pembeni. Ananyoa kidogo, anarudi kupaka kivuli cha mnazi, ananyoa kidogo. Nimetoka na sharubu upande mmoja. Lakini vile vivuli vyake... Niseme ukweli, wivu umenikaba.

Jumatano, 8 Mei
Mpwa akiwa shuleni nimeingia kazini. Penseli ni za waoga. Nimetumia krayoni, zile za nta, karibu boksi zima: bahari tabaka juu ya tabaka, kisiwa kijani kinachong'aa. Nikarudi nyuma nikatazama. Nikajipongeza kwa sauti.

Kilichokosekana ni uzee. Ramani ya maharamia haiwezi kuwa mpya kama risiti. Nikaimwagia chai ya rangi. Nta ikaikataa chai! Ikateleza yote hadi kwenye kitambaa cha meza. Karatasi ikalowa kingoni, ikajikunja. Nikawasha pasi ili niikaushe.

Hapo ndipo kisiwa kilipohama. Kikaingia baharini, bahari ikapanda minazi, vyote vikaishia kwenye pasi. Mpwa akarudi, akaangalia. Akaniuliza kama mawimbi huwa yanasema chochote kwenye mchezo. Nilijisikia vibaya kweli, mpaka wakati wa chakula.

Alhamisi, 9 Mei
Shemeji ni mpokea wageni hotelini, huvaa shati jeupe. Asubuhi amelipiga pasi mbiombio, akavaa, akaondoka. Mgeni ndiye aliyemwambia kwamba ana kisiwa mgongoni. Kashinda kutwa ameegemea ukuta. Jioni nikamweleza kwamba mnazi umetoka vizuri zaidi kwenye shati kuliko kwenye karatasi. Akaniambia nikae mbali naye, na nikae mbali na kitu chochote chenye waya. Hana moyo wa sanaa.

Mpwa amemwomba mwalimu karatasi nyingine, akapewa. Habari njema! Nikanyoosha mkono. Akaificha nyuma. Akasema asante mjomba, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikamwambia kwa nje kwamba kwenye boksi imebaki krayoni nyeusi tu, nyingine nilizimaliza. Akajibu kwamba ameshaona.

Ijumaa, 10 Mei
Nimekwenda shuleni, nikasimama dirishani. Mwalimu ametuchezea rafu! Hakutazama rangi tu: kila mtoto ameitwa mbele aeleze kwa nini kapaka vile. Binti wa kinyozi akaulizwa mbona vivuli vya minazi vimeelekea kushoto. Akasema aulizwe baba. Mwingine akasema aulizwe shangazi. Mwingine alikuwa hajaiona ramani yake mpaka asubuhi hiyo.

Mpwa wangu akainua yake. Nyeusi tii, bahari na minazi! Msalaba tu ndio ameuacha mweupe. Nikaziba uso. Akasema maharamia wanafukia hazina usiku na hawawashi hata taa, kwa hiyo ukiona ramani yenye rangi nyingi ujue ni ya uongo. Kisha akafumba jicho moja. Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye. Nahodha!

Nimelia. Nimeshangilia mpaka mwalimu akaniomba nitoke kwenye maua yake.

Jumamosi, 11 Mei
Nimetafakari. Nani alizimaliza krayoni nyingine zote? Mimi. Bila mimi mtoto angepaka bahari ya bluu kama wenzake. Ushindi huu ni wangu, ingawa sitamwambia. Acha afurahi.

Sasa ni zamu ya vazi. Mpwa amesema atajitengenezea kofia ya boksi mwenyewe, hahitaji msaada, na amelirudia hilo mbele ya mama yake kama shahidi. Mtoto ana adabu, hataki kunichosha. Lakini nahodha bila joho? Dada katoka. Pazia la sebuleni ni jekundu, zito, linaanguka vizuri. Nimelikata. Mkono mmoja umetoka mfupi kidogo.

Kwa kuwa dirisha sasa liko wazi, namwona kinyozi barazani kwake. Ana mkasi. Anakata shuka la bluu, shuka zima! Anataka wimbi lake limfunike nahodha wangu!

Nimeshusha na pazia la pili.