Kabati Lisiloonyesha Skrubu

Jumatatu, 12 Mei

Nimeshtuka! Natoka kazini Shakopee, namkuta Hemed ndani ya trela letu, anabonyezabonyeza mbao. Nani kamwita? Generosa. Mke wangu mwenyewe!

Trela ni lake, la kuuzia chapati na maharage sokoni. Ameshaaga kazi yake ya kutunza wazee kule Eagan. Mkaguzi wa jiji anakuja Ijumaa. Tukifaulu, Jumamosi yuko sokoni. Tukishindwa, nafasi yake anapewa mwingine, na kazi ndiyo hana tena.

Imebaki fremu tu, ile ya mbao inayofunika uso wa kabati. Kabati lenyewe nilishalifunga ukutani. Hemed kaliangalia, kasema mashallah kwa sauti ya msibani. Yeye ni seremala wa kweli, ana cheti. Anasema fremu haifungwi kwa mbele, vichwa vya skrubu vitaonekana. Unatoboa vitundu vya mshazari kwa nyuma, unafungia kutokea ndani. Akajitolea kufanya bure. Bure! Mwanamume mwingine amfungie mke wangu kabati! Nimekataa kwa heshima zote.

Jumanne, 13 Mei

Fremu tayari. Nimeiunda kwenye maegesho ya nyumba yetu hapa St. Louis Park, majirani wakichungulia. Ina nafasi nne za milango. Nimepima sufuria zote za Generosa, hata ile ya pilau. Zote zinapita. Nikatuma picha kwenye kundi la Watanzania wa huku ughaibuni. Watu thelathini na mmoja wamepiga makofi. Hemed kaweka dole gumba. Moja tu. Wivu.

Alhamisi, 15 Mei

Hemed kapiga simu. Bwana Laurean, usisahau, unapitisha mkono kwenye nafasi ya mlango, unafunga skrubu moja moja, taratibu. Mkono! Ndiyo maana kazi zake haziishi. Mimi nitaingia mzima. Nalala ndani ya kabati, navuta fremu, nafunga skrubu zote kumi na nane kwa raha zangu. Nashangaa hakuna aliyewahi kuwaza hili.

Nimenunua na gundi. Muuzaji kaapa kwamba ikishashika, mbao itapasuka kabla yake.

Ijumaa, 16 Mei



Niliingia saa mbili asubuhi. Kufika saa tatu fremu imekaa sawasawa, hakuna skrubu inayoonekana kwa mbele. Nikajipongeza. Kisha nikataka kutoka.

Kichwa kilipita. Mkono mmoja ulipita. Kitambi kikagoma. Nilipima sufuria zote, mwenyewe sikujipima! Nikasema si tabu, nafungua skrubu. Nikazitoa zote kumi na nane. Fremu haikutikisika. Gundi!

Saa nne nikasikia Generosa anamkaribisha mkaguzi. Mkenya, anaitwa Jeptoo. Nikaamua kujificha, nikajibana kwenye giza la pembeni. Sufuria ya pilau ilikuwa karibu, nikaivuta ikanikinga uso. Jeptoo akaanza kusifu fremu, kwamba ame-inspect trela nyingi na hajawahi kuona finishing safi hivi. Nilifurahi mno. Akauliza fundi ni nani.

Nikajibu. Sikukusudia, mdomo uliniponyoka.

“Woi! Kuna mtu huku!” Tochi ikaanguka, naye akawa nje.

Fomu yake ina mahali pa kuandika panya, na pa kuandika mende. Pa mume hapana. Akasema hawezi ku-sign kabati lenye mtu. Anarudi saa tisa, akinikuta bado, basi tena.

Generosa akakaa kwenye ngazi ya trela akalia. Sijamwona akilia vile tangu msiba wa mama yake. Nilipatwa na aibu, aibu ya kweli, nikiwa nimejikunja kama mkeka. Mimi mwenyewe nikamwambia ampigie Hemed.

Hemed kaja na msumeno. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Kakata fremu yangu katikati, nikatoka miguu kwanza. Akaunda nyingine, akapitisha mkono, saa nane na nusu kamaliza. Jeptoo alimulika kila pembe mara mbili ndipo akasaini.

Jumapili, 18 Mei

Jana chapati ziliisha kabla ya saa sita. Generosa ana furaha, ameanza kunisemesha. Nimemwapia kwamba nimepata fundisho.

Leo baada ya misa Haika, katibu wa kwaya, alikuwa anamtafuta Hemed. Kwaya ina trela la vyombo vya muziki, na makabati matatu hayana fremu. Nikamwambia Hemed ana kazi nyingi mno siku hizi, asimsumbue. Fundi ni mimi. Haika kashukuru sana.

Naanza Jumamosi, Generosa akiwa sokoni. Safari hii naingia na mto. Shingo iliniuma sana.