Kalliopi Wawili na Kijito Kimoja

Ijumaa, 2 Juni. Asubuhi ya joto, mawingu membamba upande wa mlima, upepo hakuna.

Alhamisi ijayo ni siku ya jina langu, sikukuu ya mtakatifu ninayeitwa kwa jina lake. Siku ya jina haalikwi mtu. Unafagia, unapanga sahani, unaacha mlango wazi, unakaa. Anayekukumbuka anakuja. Mwaka jana walinikumbuka wawili, na mmoja wao alikuwa amekuja kusoma mita ya maji. Nilimlisha biskuti za lozi mpaka akaomba ruhusa ya kwenda.

Mwaka huu hapana. Mwaka huu nina mpango.

Kikwazo cha kwanza ni Popi, ghorofa ya tatu, ng'ambo ya barabara. Jina lake la ubatizo ni Kalliopi kama langu, kwa hiyo siku yetu ni moja. Zamani nyumba yake ilikuwa ya chini kama hii yangu, na mzabibu, na kuku. Akampa mkandarasi kiwanja, mkandarasi akainua jengo, akamrudishia fleti tatu. Mtaa mzima ukafanya hivyo hivyo. Kitongoji chetu chote cha Kalamia. Nimebaki mimi na mlimau wangu, na jua langu linazama saa tisa mchana nyuma ya roshani zao. Mgeni akiingia mtaani anapanda kwa Popi, kwenye lifti na kiyoyozi.

Kikwazo cha pili ni mabati. Manispaa inachimba barabara ipitishe bomba la maji ya mvua. Wamezungushia mabati pande zote, na uwazi wa kupitia watu wameuweka wapi? Mbele ya mlango wa Popi! Mbele ya lango langu hapiti hata paka.

Jioni alikuja Bwana Stratos, mkandarasi. Huja kila Ijumaa kukitaka kiwanja changu. Nampikia kahawa, anachora fleti mbili hewani kwa kidole, mimi naguna. Mwisho namwambia nitafikiria. Nafikiria mwaka wa nne sasa. Nikikubali, atakuja kwa sababu gani tena? Nikikataa, vivyo hivyo. Leo nimemwambia jibu nitampa Alhamisi, aje mwenyewe, tena avae vizuri. Alifurahi mpaka akaniita mama.

Mgeni mmoja tayari!

Jumamosi, 3 Juni. Upepo tangu alfajiri. Vumbi hadi ndani ya kabati.

Nilikwenda kwa injinia wa manispaa, binti anayeitwa Ksenia, kofia ya njano inamzidi kichwa. Nilimwomba uwazi uhamishiwe kwenye lango langu. Akasema uwazi uko pale kwa kuwa ndipo watu wanapopita. Nikamweleza kwamba watu wangepita kwangu kama uwazi ungekuwa kwangu. Akanitazama kwa huruma. Sipendi kutazamwa hivyo.

Basi nikatoa silaha.

Kijito chetu kilifunikwa kwa zege nilipokuwa msichana, barabara ikapita juu. Kila mtu anajua hilo. Nikamnong'oneza lisilojulikana: kwamba hapa kwetu kijito hakifuati barabara, kinakata kona na kupita chini ya mlango wa Popi, kwamba zege limeoza, kwamba ipo siku mtu atatumbukia na mkoba wake wa sokoni. Nimejuaje? Marehemu baba alikuwa kwenye kazi ile, nikasema. (Baba alikuwa kinyozi.)

Injinia akaacha kutafuna mkate wake wa ufuta. Akaanza kuandika. Ushindi!

Jumapili, 4 Juni. Jua kali, upepo umetulia.

Mwanangu Lefteris amepiga simu kutoka Stuttgart. Habari za mvua. Habari za bosi. Akauliza kama bado naishi na mitungi ya bibi na paa linalovuja. Nikasema paa ni zima. Akasema basi Alhamisi atanipigia kunitakia heri. Nikamwambia asijisumbue, siku hiyo nyumba itakuwa imejaa, sitasikia hata simu ikilia. Akasema, kweli mama? Nikasema, wewe subiri tu uone.

Baada ya kukata simu nilibaki nimeishika kidogo.

Jumanne, 6 Juni. Joto zito, anga nyeupe kama shuka.

Wamefunga uwazi wa Popi! Nimeona kwa macho yangu, nyuma ya pazia. Wamegongomea bati jipya.

Nikatoka kumwagilia maua yasiyohitaji maji. Popi alikuwa juu kwenye roshani, mikono kiunoni, nywele nusu zimepakwa rangi.

"Kalliopi! Ni wewe uliyemjaza yule binti habari za kijito?"

Nikasema mimi najua nini, mimi mwanamke mzee.

"Uzee umeuanza leo?" akapiga kelele. "Nina watu Alhamisi!"

Nikamjibu kwa upole kwamba usalama wa raia ni mbele. Akafunga mlango wa kioo kwa kishindo, kiyoyozi kikadondosha maji.

Kumbe uwazi hawajaufungua kwangu. Injinia anasema kwanza watapima ardhi, kesho kutwa atajua. Kesho kutwa ni Alhamisi! Nimemwambia aharakishe. Akasema nina moyo wa kijamii.

Nimenunua lozi ambazo zingeutosha mtaa mzima wa zamani, ule wa enzi za kuku.

Jumatano, 7 Juni. Mvua ya dakika chache saa moja asubuhi, kisha harufu ya udongo.

Siku mbaya. Nitaiandika kwa utaratibu.

Asubuhi ilikuja mashine ya kutoboa ardhi. Ikatoboa mbele ya mlango wa Popi: mwamba mkavu. Ikatoboa katikati ya barabara: kifusi. Popi alikuwa anaangalia kutoka juu na kikombe mkononi, kama yuko sinema. Ikatoboa mbele ya lango langu. Mafundi wakazima injini. Tukasikia maji.

Kijito kinapita chini ya ua wangu. Kona niliyoibuni ipo kweli, ila iko upande wangu! Ndiyo maana mlimau haujawahi kuomba maji. Miaka yote hii nilikuwa najisifu kwamba nina mkono mzuri.

Injinia alinishika bega, akasema kumbukumbu ya baba yangu ni dhahabu, amekosea upande tu. Kisha akatangaza: juu ya kijito hakijengwi kitu, sheria ndivyo ilivyo. Jumatatu wataingia uani kwangu na mafundi wawili kuimarisha zege, kazi ya siku moja. Na mtaa unafungwa kabisa, juu na chini, mpaka Jumapili asubuhi.

Bwana Stratos alikuwa amesimama pale, mikono nyuma. Alisikia kila neno. Mimi nilikuwa nimeshawasha jiko. Nikamwita aingie, kahawa inachemka. Akatazama saa. Akasema, tutaonana, Bi Kalliopi.

Ijumaa nilikuwa mama.

Kahawa nimekunywa mimi, vikombe vyote viwili.

Alhamisi, 8 Juni. Asubuhi safi, anga ya buluu tupu, upepo mdogo wa kupendeza. Siku nzuri kwa wageni.

Nimevaa gauni la kijani. Sinia mezani: biskuti za lozi, machungwa machungu ya sukari na vijiko vyake, glasi za maji zimefunikwa. Mlango wazi tangu saa tatu. Nikakaa.

Saa nne. Saa tano. Aliingia nyigu, akajaribu machungwa, akaondoka.

Bwana Stratos hakuja. Simu haikulia. Lefteris ni mtoto mtiifu, nilimkataza mwenyewe.

Mchana nilisikia sauti ya Popi. Alikuwa kwenye roshani akiongea na simu. Shemeji zake walikuwa wamefika kwenye kizuizi huko juu, na keki, na jua, na askari wa manispaa hataki kuwapitisha. Popi akawaambia wasihangaike, warudi nyumbani. Alipokata simu alibaki amesimama. Nyuma yake, kupitia kioo, niliona sinia. Kubwa kuliko langu. Limejaa kama langu.

Tukaonana.

"Miaka mingi, Kalliopi," akanitakia heri.

"Miaka mingi na wewe, Kalliopi," nikasema. Sijamwita hivyo tangu shule.

Akashuka kwa ngazi, lifti hakuitumia, akaja hadi kwenye mabati upande wake. Mimi nikasimama upande wangu, juu ya ndoo. Shimo katikati. Alikuwa na vipande vya keki kutoka sinia lake, amevifunga kwenye karatasi ya alumini, akavirusha, nikavidaka. Mimi nikarusha biskuti. Za kwanza zikaishia shimoni.

"Unarusha kama ulivyokuwa unarusha mpira!" akacheka.

Za pili zilifika. Akala zote pale pale, amesimama. Akasema hakuna anayepika lozi hivi tena. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Akasema kule juu ni kimya, dada yangu. Anasikia lifti ikipanda, anajiweka sawa nywele, lifti inapita, inakwenda ghorofa ya nne.

Nilirekebisha ndoo.

Akasema Jumapili wakifungua njia atakuja kunywa kahawa kwangu, chini ya mlimau. Hajakaa juu ya udongo tangu wauze kuku. Asubuhi, baada ya kanisa. Je, nitakuwepo?

Nikamwambia nitafikiria.

Sasa ni usiku na nimeshafikiria. Nimepata jambo kubwa! Injinia alisema leo, akipita, kwamba ombi lake kwa Mungu ni moja tu: wasikute kigae cha watu wa kale, maana kazi itasimama na wataletwa wanaakiolojia. Manispaa ya jirani walikuta ukuta mmoja, wanaakiolojia wakakaa miaka mitatu. Watu kumi! Kila siku! Wanakaa uwanjani na brashi zao ndogo, wana kiu, wana njaa, hawana haraka.

Ninao mtungi wa mafuta wa bibi, alikuja nao kutoka ng'ambo ya bahari. Mweusi, una ufa. Ukivunjwa vizuri na kusuguliwa udongo, nani atajua? Jumatatu mafundi wanachimba. Lazima niuzike Jumapili, asubuhi, mtaa wote ukiwa kanisani.

Popi nitamwambia kichwa kinaniuma, asije kunywa kahawa. Asinione nikichimba wala asiuone udongo mpya, ataiga. Atakuja mwakani, siku ya jina, akute wanaakiolojia kumi wamekaa mezani kwangu, akose hata kiti!

Nimefunika sinia. Mlango nimeufunga. Nalala sasa, saa nane usiku.