Pampu Imefariki

Pikapu ya Yustina ilizimika baada tu ya kupita Mzumbe. Nyuma ilikuwa imejaa matenga ya nyanya za Mgeta, na lori la Dar lingeondoka Morogoro mjini adhuhuri. Lori halingojei mtu. Nyanya nazo hazingojei lori.

Fundi Bonifasi akatokea kwa baiskeli, sanduku la zana nyuma, kwa bahati aliyoitengeneza mwenyewe. Yustina alipokuwa akinywa chai Mzumbe, Bonifasi alimega sabuni ya buluu ya kunawia mikono pale mgahawani, akaziba kitundu cha mfuniko wa tangi. Tangi likikosa hewa, petroli haishuki; gari linakwenda kidogo, kisha linakata roho. Biashara huria ilikuwa imeingia nchini, kila mtu akitafuta pa kupenyea. Bonifasi alipenyea hapo.

"Nyanya za Mgeta! Kumbe Mluguru," alisema. "Mimi Mzigua. Pole, mtani wangu."

Yustina alimtazama kucha. Zilikuwa za buluu. "Asante, mtani."

Bonifasi akafunua boneti, akainamisha kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Pampu imekufa. Bahati yako, ninayo mpya ya Kijapani." Ilikuwa kuukuu, aliipaka rangi ya fedha juzi. "Nipe nusu ya matenga tumalizane."

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa, mtani."

Yustina akajifunga kanga kiunoni, akashika kichwa. "Jamani, nimefiwa!"

Watu wakatoka mashambani mbio. Waliposikia marehemu ni pampu, na mtani yupo, nyuso zikachangamka. Kwenye msiba wa Mluguru mtani ndiye mtumishi, na akinuna amejiaibisha.

"Mtani, osha maiti!" Yustina aliamuru.

"Niioshe na nini?"

"Na sabuni iliyo kwenye kucha zako."

Yustina akafungua tangi. Hewa ikaingia, fyuuu! Akachokoa sabuni kwenye kitundu cha mfuniko kwa njiti, akaiinua watu waione, akaingia kuwasha. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka.

"Marehemu kafufuka!" mama mmoja akapiga kigelegele. "Mtani atoe ubani!"

Wakapakia baiskeli kwenye pikapu, wakapakia sanduku. Bonifasi alicheka meno yote nje, maana angefanyaje?

Jioni Bonifasi alifika kituo cha polisi mjini. "Nimeporwa na mtani wangu. Mluguru, ana pikapu imeandikwa Yustina mlangoni."

Askari akaweka kalamu chini. "Yustina wa nyanya? Yule Mhaya wa Muleba! Tangu lini Mhaya na Mzigua wakataniana?"

Bonifasi akakumbuka: ni yeye aliyemwita Mluguru, kwa sababu ya nyanya tu.

"Haya, eleza. Ugomvi ulianzaje?"

Bonifasi akaona swali hilo linaelekea kwenye sabuni. Akaaga.

Alirudi Mzumbe kwa miguu. Hasara: baiskeli moja, sanduku moja na spana zake zote, pampu moja ya rangi ya fedha. Sabuni alirudishiwa.