Moto wa Paja la Zéphirin

Redio ya Mama Gertrude, muuza chai wetu wa Likasi, ilikuwa imetoka kuonya: simu usiichaji kwa pawabanki ikiwa mfukoni, hupata moto ikakuunguza. Benchi zima tukamgeukia Zéphirin. Tangu asubuhi mwenzetu alikuwa amekalia tako moja.

"Zéphirin," akaanza Papa Koni, mstaafu wa mtambo wa umeme wa Koni, anayedhani umeme wote duniani ni shemeji yake. "Siku ya dimanche weye uliruka ku kanisa juu ya nini?"

"Roho, papa. Pasta alilia 'Moto! Moto!', na minye nikasikia moto."

"Ulisikia wapi?"

"Ku paja."

Chai ilinipalia.

"Roho wa ku mufuko!" akapiga makofi Dodo, fundi wa simu. "Bwana, hii pawabanki njo minye nilikuuzisha. Nilikuambia: isilale pamoya na telefone mu suruali!"

Zéphirin akainamisha kichwa, nami nikamhurumia. Mruko ule ulimpatia ushemasi, udiacre kama tunavyouita hapa. Jumapili hii anawekewa mikono, na mkewe Clotilde ameshashonesha kitenge. Kidonda nacho kinazidi.

"Enda ku dispensaire, wakufunge kidonda," nikamwambia.

"Niende? Infirmière Sylvie wa pale anaimbaka ku chorale ya kanisa! Ataona alama: pembe ine, mpaka fasi ya kamera!"

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Papa Koni akaonya.

"Na telefone yake mu sanduku ya kuzikia!" Dodo akaongezea.

Zéphirin akasimama, akikunja uso kwa maumivu. "Basi! Naenda kuambia Pasta kweli. Akitaka, anyanganye udiacre wake."

Hajapiga hatua mbili, Clotilde huyo anakuja mbio, kicheko kimemjaa.

"Zéphirin! Sylvie anakungoya ku dispensaire!"

"Nani alimuambia?"

"Minye! Tunalala kitanda kimoya, unazani sionake ile alama?"

"Aibu gani hii! Na Pasta akijua?"

"Pasta? Njo wa kwanza ku ligne ya Sylvie, analala tumbo chini! Kile kisanduku kya micro ya kuhubiria anafungaka ku mukaba kilimuchoma kiuno. Unazani dimanche alikuwa analia 'Moto! Moto!' juu ya nini?"

Zéphirin akaondoka akichechemea, anacheka kuliko sisi sote. Nyuma yake benchi zima likasimama, kila mtu anapapasa mfuko wake.