Kitanda cha Leodgar na Inchi Tatu za Mlango

Tulieni, nyie mliokaa na nyie mliosimama. Zimeni redio, na mwenye uji jikoni aepue kwanza, kwa maana habari ninayoileta si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wako walioandika vita vya wafalme na ngome zilizobomolewa kwa mizinga. Mimi nitaandika mlango. Ni mlango wa chumba cha uani, mjini Mpanda, mwaka wa tisini na sita, na inchi tatu zilizosimama katika mlango ule kama jeshi, na mtu mmoja aliyezishinda. Mtu huyo ni mimi, Leodgar. Ningependa kumsifu mwingine, lakini wengine siku ile walikuwa wananicheka.

Mimi ndiye Leodgar mla vumbi, Leodgar wa begi moja, niliyechimba chumvi Uvinza, nikapasua mbao Sikonge, nikalinda ghala Kaliua. Niliyesoma darasa la kwanza mkoa mmoja na la tatu mkoa mwingine, na la pili sikumbuki lilipotelea wapi. Kwa miaka thelathini na mitano, treni ilipopiga honi, miguu yangu ilisimama kabla yangu. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kuwa na kitanda.

Basi nikafika Mpanda, nikaugua malaria gesti, siku tatu nimelala naongea na dari, na mtu pekee aliyegonga mlango alikuwa mhudumu, akitaka kujua kama chumba ninakiacha. Hapo ndipo nilipoamua. Nilitaka mahali ambapo nisipoonekana asubuhi, mtu atauliza.

Nikaenda kwa Capitoline, mjane aliyetoka kijiji cha Mamba, malkia wa uwanja uliofagiwa, mlinzi wa vyumba sita na choo kimoja. Chumba kimoja kilikuwa wazi, kile cha mwisho uani, kilichowahi kuwa stoo. Nikatoa kodi. Mama yule akaitazama kama mtu anayeonyeshwa samaki wa juzi.

“Kaa nayo kwanza, mzee,” akasema. “Watu wa mikeka nimeshawapangisha wanne. Wote treni ilipiga honi wakakunja mkeka, na wa mwisho akaondoka na ndoo yangu. Kwangu mimi mpangaji ni kitanda. Jumamosi kengele ya parokia ya saa sita ikimaliza kulia, kitanda hakijaingia, chumba nampa Makarius.”

Makarius huyo alikuwa jemadari wa magunia, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Usevya, aliyekitaka chumba kile kirudi kuwa stoo. Alishatanguliza gunia moja pale uani, naye akalikalia kila siku kama kiti cha enzi, akiniuliza kwa upole mwingi treni ya Kaliua inaondoka saa ngapi.

Nikafunga safari mpaka karakana ya Révérien, fundi kutoka Katumba, makazi ya wakimbizi nje ya mji, bwana wa randa na patasi. Nikamwambia kwamba vitanda vya gesti vimenitupa chini mara tatu maishani, na kwamba sasa nataka kitanda kisicholia, kisicholegea, kisichofunguka. Révérien akafurahi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la ubatizo. Akasema bolti ni uvivu, yeye atachonga ndimi za mbao, aziingize kwenye matundu kwa gundi, kiwe kitu kimoja tangu kichwani hadi miguuni. Nami nikampelekea vipimo vya chumba, urefu mafundo sita na upana mafundo matano, kwenye kamba ya katani. Mlango sikuupima. Mtu wa begi moja huupima mlango kwa mabega yake, na mabega yangu yalikuwa yamepita milango yote ya nchi hii.

Ikafika Jumamosi. Tukakiinua kitanda, mimi mbele, Révérien nyuma, kimelala vichwani mwetu miguu ikitazama mbingu, mninga mwekundu unang’aa, nasi tukaukata mji kama jeshi linalorudi na mateka. Wauza dagaa sokoni wakatupisha. Mwendesha baiskeli akashuka. Mlevi mmoja akavua kofia, akidhani ni jeneza.

Tukaingia uani saa tano. Tukakielekeza kitanda mlangoni, na kitanda kikakataa.

Enyi mliowahi kusukuma kitu kikubwa kwenye kitu kidogo, nililieni. Tulikiingiza kwa miguu, kikakataa. Tukakilaza ubavu, tukakisimamisha, tukakizungusha mpaka mimi nikabaki ndani ya chumba na kitanda nje, nimefungiwa kama kuku, nikatolewa dirishani. Révérien akatoa futi, akapima, akapima tena. Inchi tatu. Wapangaji wote wakatoka kutazama. Nyanzala, Msukuma wa chumba cha pili, aliyekuwa akichoma maandazi, akaliacha karai likiungua, na hilo halijawahi kutokea kabla wala baada ya hapo.

Nikamwuliza Révérien ilikuwaje asiulize mlango. Akanijibu kwa utulivu wa fundi asiye na kosa kwamba yeye nyumba zote alizojenga, kitanda huingia wakati ukuta uko kiunoni, na fremu ya mlango hufuata. Hakujua kwamba mjini wanaanza na fremu.

“Tukikate katikati, mzee,” akasema, na sauti yake ikawa ya mtu anayezungumzia mguu wake mwenyewe.

Wakati huo huo, kule stesheni, treni ikapiga honi ya kuita abiria.

Sitasema uongo. Miguu ilisimama. Begi lilikuwa pale pale ukutani, na mkono wangu ulikuwa umeshaligusa. Makarius akainuka kwenye gunia lake, akanisogezea begi kwa mguu, taratibu.

“Mzee wangu,” akasema, “kitanda niachie mimi. Nitapangia magunia juu yake.”

Ndipo hasira ikanipanda, na kutoka ndani ya hasira ile akili ikachomoza. Nikaliacha begi, nikasimama mbele ya Capitoline, nikanena maneno yanayojulikana mtaa wetu mzima wa Ilembo mpaka leo.

“Mama Capitoline, mlinzi wa uwanja huu. Wanne walikukimbia kwa sababu mikeka inakunjwa. Tazama kitu hiki. Hakikunjwi, hakifunguki, hakikatwi. Ng’oa fremu yako, tukiingize, kisha uirudishe fremu kwa tope mbele ya macho yangu. Kitakuwa ndani, na hakuna mlango kitakaopitia kutoka. Nami kitanda changu cha kwanza nimekipata na mvi hizi. Sitakiacha.”

Capitoline aliitazama fremu, akanitazama mimi, akalitazama begi.

“Na akifa humo ndani?” Makarius akauliza.

“Akifa tutamtoa babu,” Nyanzala akasema. “Nani kasema tutamzika na kitanda?”

Nikamwona Capitoline akizuia kicheko kwa upande wa khanga. Kisha akaingia ndani, akatoka na sururu.

Pigo la kwanza alilipiga mwenyewe. Udongo ukaanguka, fremu ikayumba, Révérien akaikumbatia na kuishusha kama mgonjwa. Saa hiyo kengele ya parokia ikaanza. Kwa mlio wa kwanza tulikuwa tumeinua. Mguu mmoja ukapita, wa pili ukapita. Wa tatu ukakwaruza ukuta, nami nikausukuma kwa bega lile lililopita milango yote. Nyanzala akatupa mwiko, akaja kusukuma na mikono ya unga. Mguu wa nne ukaingia, na kengele ikalia mara ya mwisho, na kama kuna mtu anasema ililia kabla, mtu huyo ni Makarius.

Mama akakanda tope kwa miguu yake, akairudisha fremu, akasiliba pembeni kwa kiganja, pole pole, mpaka lisionekane hata tundu la sisimizi. Kodi akaipokea bila kuihesabu. Halafu akanitazama mimi, mshindi, niliyejaa vumbi tangu nywele hadi kandambili, akanivika taji.

“Jumatatu zamu yako kufagia uwanja, mzee. Utafuata baada ya Nyanzala. Na usifagie kuelekea kwangu.”

Alasiri nikalala juu ya mbao tupu, maana godoro sikuwa nimelifikiria. Nikageuka huku, nikageuka huku, kitanda hakikulia. Kule stesheni treni ikapiga honi ndefu ya kuondoka. Miguu yangu ikaisikia. Ikasubiri kidogo, kama imesahau jambo, kisha ikajikunja ikalala, na mimi nikalala nayo.

Saa moja jioni mtu akagonga. Alikuwa Nyanzala, na maandazi mawili yaliyoungua, akiuliza mbona babu haonekani.

Hivyo ndivyo vita vya inchi tatu, na hivyo ndivyo vilivyokwisha. Waandike wengine vya wafalme.