Yah: Ombi la Wageni Wote wa Kijiji Kutambuliwa Kuwa Wakwe Zangu

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wageni,

Shikamoo. Najua wewe ni mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na Mama, na juzi tu umekula ndizi kwetu. Ningeweza kukueleza haya siku ile. Nilijaribu. Nilisimama mlangoni, ukaniuliza, "Agness, mbona umesimama kama mgomba?" nikasema nimefuata kikombe. Ndiyo maana naandika, na naandika kiofisi, kama Mwongoza Wageni wa Jiwe la Mjerumani, kazi niliyopewa na mkutano wa kijiji nilipokuwa nimekwenda kuteka maji.

Mlisema mnataka msichana aliyemaliza kidato cha nne na anayeijua Historia. Mjomba, Historia niliifaulu kwa kuandika. Darasani sikuwahi kunyoosha mkono. Majina yakiitwa niliitikia kwa sauti ambayo mwalimu hakuisikia, kwa hiyo nilihesabiwa mtoro huku nimekaa dawati la mbele. Sasa mmenisimamisha kwenye ukungu mbele ya watu waliotoka kuona Daraja la Mungu na Ziwa Ngosi, niwaeleze kwa nini wameacha lami wakapanda utelezi wote huu wa Ikuti kuja kuangalia jiwe. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Historia yenyewe haitulii. Jiwe liko shambani kwetu, kwa hiyo msimulizi ni Baba, Mzee Ambindwile. Nilipokuwa mdogo, Mjerumani alikaa juu ya lile jiwe kutolewa funza, basi, akaondoka. Tangu kamati ipake chokaa njia ya kwenda pale, Mjerumani amepanda cheo. Wakija wanafunzi, ni karani. Wakija watu wenye viatu vya kupandia mlima, ni jemadari, na funza hatajwi kabisa. Mgeni mmoja aliuliza Mjerumani huyo aliitwa nani. Baba akajibu, "Alikuwa na haraka, hakujitambulisha." Pia Baba hunitaka nioneshe alama aliyoiacha juu ya jiwe na nikitaje kiungo kilichoiacha. Mimi husema "hapa ndipo alipokaa" na kutazama mlimani. Baba huja nyuma yangu na kukitaja.

2. Mmejenga jiko la wageni pembeni ya jiwe, ili wapate historia na harufu ya chakula kwa pamoja. Mpishi ni wifi yangu Veronika, mke wa kaka Yohane. Unajua mila yetu vizuri kuliko mimi: mkamwana hamtazami baba mkwe wake wala haongei naye, na akimwona njiani anaiacha njia. Wengi wameshaacha mila hiyo, lakini wifi alifundwa na bibi yake, na akafundika. Kwa hiyo kila Baba anapotokeza nyuma ya jiwe, wifi hujifunika khanga usoni, hunyanyua sufuria na kuingia migombani. Wageni hubaki na sahani tupu, wakiangalia mvuke unavyotokomea.

Mama mmoja wa Morogoro, mwalimu mstaafu, alinivuta kando. "Mwanangu, huyu mzee anampiga?" Nikatikisa kichwa. "Basi anamkimbilia nini?" Niliyajua maelezo yote, lakini yalikuja yote kwa pamoja, nikachagua fupi. Nikasema, "Anampenda sana." Yule mama akamwangalia Baba kwa namna ambayo Baba mpaka leo anauliza alimkosea nini.

3. Badala ya kuhamisha jiko, kamati imeuingiza mwendo wa wifi kwenye ratiba iliyobandikwa kwenye mti: "Saa nne, Historia. Saa nne na nusu, Mkamwana Anakimbia. Saa tano, Chakula." Wifi amesoma akaniambia, "Mimi sikimbii. Mimi namstahi mkwe wangu. Kimbia wewe." Wiki iliyopita simu ya mgeni ilijaa kabla hajamaliza kurekodi, akaomba tukio lirudiwe. Baba akakubali. Akarudi nyuma ya jiwe na kutokeza upya, safari hii akikohoa ili watu wajiandae. Wifi naye alishakuwa migombani, ikabidi nimwite arudi ili apate mahali pa kuondokea. Ndugu Mwenyekiti, hiyo si mila tena, ni gwaride.

4. Kwa kuwa wawili hao hawasemezani, maneno yao yote yanapita kwangu. Baba anaonja na kusema mbele ya wageni, "Mwambie huyo kwamba chumvi imezidi." Nakwenda migombani. Wifi anasema, "Mwambie Baba shikamoo, halafu mwambie chumvi kaitia mwanawe." Narudi. Wageni wote wanasubiri jibu, na mwanawe ni mimi. Kwa siku moja nasema maneno ya watu watatu, nikihesabu na ya Mjerumani, na sijasema hata moja la kwangu.

5. Nimefikiria namna za kutatua. Jiwe halihamishiki, Yohane alishajaribu alipotaka kupanda maparachichi. Jiko likirudishwa nyumbani, chakula kitafika kimejaa mvua. Baba kumhamisha, muulize dada yako. Lakini nilipokuwa nafikiria niligundua jambo. Katika shamba lile lote kuna mtu mmoja tu ambaye hakuna anayemlazimisha kusema. Ni wifi. Hakuna anayemwambia apaze sauti wala anayemuuliza kama paka kala ulimi wake. Wanamsifu. Wazee wanasema, "Huyu kalelewa." Mimi nikinyamaza hivyo hivyo, naambiwa nimezubaa.

Kwa hiyo naomba kamati iwatambue wageni wote, wa ndani na wa nje ya nchi, kuwa wakwe zangu, kuanzia wanaposhuka kwenye gari. Nikimwona mgeni nitaiacha njia. Akiwa na swali ataliweka juu ya jiwe na kusogea mbali, nami nitalijibu kwa maandishi. Nimeshaona pingamizi mbili. Ya kwanza, kwamba ili wawe wakwe inabidi niwe nimeolewa na watoto wao. Nakubali niandikwe hivyo, mradi watoto wenyewe wasije. Ya pili, kwamba wapo wageni wasio na watoto. Kamati ina muhuri, iwape. Kuhusu wageni wanawake, Mama anasema mila hii ni ya baba mkwe zaidi, lakini mimi naona aibu kwa wote bila ubaguzi, na naomba mila ipanuliwe kwa haki.

Kama ombi hili ni zito, naomba angalau nipewe kazi ya kupaka chokaa.

Nakutakia vikao vifupi. Msalimie Mama Baraka na watoto, na bibi wa kule Lufingo mkionana naye kanisani, na Katibu wa Kamati pia, ingawa ule mwandiko wa kwenye ratiba naufahamu. Wifi anawasalimu kutoka migombani.

Ni mimi mpwa wako kwa damu, na Mwongoza Wageni kwa kura za watu wengine,

Agness Ambindwile

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kwa sababu ya mvua, na jana Jumamosi limetokea jambo. Baba aliamka hana sauti, amekaukiwa kabisa, na wageni walikuwa wameshafika. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuona uso wa mtu, nikaanza kuongea na ule ukungu. Nilianza na funza. Nikawaambia kwamba mtu hajitoi funza mwenyewe kwenye kisigino, lazima awepo wa kumshikia mguu, na huyo alikuwa mwanamke wa hapa hapa, aliyekuwa anapita na tenga lake la ndizi, akamwambia jemadari atulie na aache kulia. Wakacheka. Wakauliza akafanyaje, nikaendelea. Niliendelea mpaka wifi akapiga kelele kutoka migombani, "Agness, nyamaza, watu wale chakula." Ukungu ulipofunguka niliwaona wote, wengi kuliko nilivyodhani, na bado nilikuwa na sentensi za kusema.

Sasa Baba amepona na anataka jiwe lake. Anasema hakukuwa na mwanamke wala tenga. Kwa hiyo naomba ombi namba tano lisifutwe, ila jina langu liondolewe na liandikwe la kwake: wageni wote wawe wakwe zake yeye, na akiwaona awe anaingia migombani. Kundi lingine linakuja Jumatano, na jana sikuwahi kuwaambia Mjerumani alimlipa nini yule mwanamke.